Mvinyo wa Mwaka Huu

Stika ya bei ilikataa kutoka. Ndeshi alikuwa ameinama juu ya sinki la chumba cha kufulia, nyumbani kwa wazazi wake huko Katy, Texas, akiikwangua kwa ukucha wa dole gumba huku maji ya moto yakitiririka juu ya chupa. Ilitoka vipande vipande, na kila alipodhani amemaliza, palibaki utando mweupe wa gundi ulioshika kioo kama kupe.

"Ndeshi," mama yake, Pelagia, aliita kutoka jikoni. "Wageni wako wamefika wapi?"

"Wameshapita Huntsville, Mama."

"Basi njoo upange glasi. Unafua nini siku ya sikukuu ya Shukrani?"

"Nakuja."

Hakuwa anafua chochote. Kwenye kikapu cha nguo chafu, chini ya mataulo mawili, alikuwa ameficha chupa nyingine. Hiyo ndiyo aliyokabidhiwa na Siméon Jumanne jioni kule Irving, nje ya nyumba anayokaa na mama yake mdogo. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto aliyelala.

"Uweke ndani ya frigo saa moja mbele ya kula," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Hii vin haitaki joto. Na usimwambie Papa yako kitu. Kuna neno nitasema mi mwenyewe."

Ndeshi aliitikia, akaiweka kwenye kiti cha gari, akaondoka. Ilikuwa ni Beaujolais Nouveau, mvinyo mwekundu wa Ufaransa. Lebo yake ilikuwa na maua makubwa ya waridi, njano na buluu, mithili ya kitambaa cha plastiki cha meza ya hotelini. Siku iliyofuata, aliposimama kununua maji njiani, aliziona chupa zilezile zimerundikwa karibu na mlango wa duka, pembeni ya mapambo ya Krismasi, kwa bei ya kuku wa kuokwa. Akasimama mbele ya rundo lile kwa muda. Akilini akamwona baba yake mdogo, Faustine, akiigeuza chupa ile mkononi. Akakisikia kicheko chake. Alipofika Houston akaingia kwenye duka moja lenye mwanga hafifu na rafu za mbao, akaomba chupa ya Bordeaux ya zamani, yenye picha ya jumba. Alipolipa alijiambia kuwa anamkinga Siméon. Akajiambia tena njiani, na tena alipozima gari. Mtu hahitaji kujirudia hivyo kwa jambo analoliamini.

Gundi ilipobaki kidogo tu, aliifuta chupa kwa fulana, akaibeba kwenda mezani.

* * *

Wageni walifika kwenye saa nane za mchana. Siméon alikuwa amevaa shati jeupe na tai ya kijani, na nywele amezikata upya. Nyuma yake alishuka mama yake mdogo, Véronique, mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge cha bluu juu hadi chini. Ndiye aliyemlea tangu walipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi, kabla hawajaletwa Texas.

Siméon alikuwa amejifunza kuamkia. Kwao hawasemi shikamoo, lakini alimwamkia Mzee Elirehema, baba yake Ndeshi, akamwamkia Mama Pelagia, na kwa kuwa alikuwa ameshashika kasi, akamwamkia na Faustine ambaye hawakupishana sana umri.

"Marahaba, mwanangu," Faustine alijibu kwa sauti nzito. "Umekua. Mara ya mwisho nilikuona unatambaa."

Watu wakacheka, na Siméon akacheka kuliko wote. Katikati ya kicheko alimtafuta Ndeshi kwa macho. Alipompata, uso wake ukatulia, kana kwamba safari ya saa nne ilikuwa imefika mwisho pale na si mlangoni. Ndeshi aliujua mtazamo ule. Ulikuwa uleule wa siku ya kwanza, kwenye chumba cha mashine za kufulia cha majengo yao Irving. Yeye alikuwa mfamasia anayetoka zamu, akijaribu kukunja shuka peke yake kwa kulibana na kidevu. Kijana asiyemjua akaweka chini nguo za mama yake mdogo, akasema, "Dada, hii shuka inataka watu wawili." Wakalishika huku na huku, wakasogeleana mara ya kwanza, wakasogeleana mara ya pili, na mikono yao ikakutana kwenye pindo. Tangu siku hiyo Ndeshi hakupenda kukunja shuka peke yake.

Nyumbani hakuwa ameyasema hayo. Mama yake alipouliza huyo Mkongo anafanya kazi gani, Ndeshi alijibu, "Yuko kwenye biashara ya mvinyo." Haukuwa uongo, na haukuwa ukweli.

Siméon aliomba mahali pa kunawa baada ya safari. Alipotoka sebuleni, Ndeshi aliiweka Bordeaux katikati ya meza, kati ya bata mzinga na sinia la pilau.

"Siméon ametuletea hii, Baba," alisema.

Mzee Elirehema alivaa miwani, akaisoma lebo bila kuigusa. Alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa maneno machache. "Ya mwaka elfu mbili na tano," alisema. "Kijana amejitahidi."

Siméon alirudi, akaketi, na kitu cha kwanza macho yake yalichofanya ni kuipekua meza. Yalipita juu ya Bordeaux bila kusimama. Yakaenda kwenye friji, yakarudi. Akamtazama Ndeshi na kuinua nyusi kidogo. Ndeshi akampelekea bakuli la kachumbari.

* * *

Walikula vizuri kwa muda. Véronique alimsifu Mama Pelagia kwa pilau, na Mama Pelagia, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amenuna kwenye simu, akajikuta anamweleza mgeni habari za duka la Wahindi linalouza iliki nzima. Ndeshi alianza kupumua.

"Bwana Siméon," Faustine alisema akijifuta midomo, "tunaambiwa uko kwenye biashara ya mvinyo. Unaagiza, au unauza?"

Siméon aliweka uma chini. "Niko kwa ghala ya mvinyo, baba. Naendesha forklift. Kontena zikifika tunapakua, tunapanga, tunapakia malori ya madukani. Sasa nimekuwa kiongozi wa zamu."

"Aa," Faustine alisema. "Forklift."

"Ndiyo. Ni kazi mzuri. Inataka mtu asiye na haraka."

Hakuona aibu hata chembe. Ndeshi ndiye aliyeona, kwa niaba yake, na masikio yake yakawaka moto. Faustine alikuwa ameshainua simu juu ya ile chupa. Simu ikasoma lebo, ikaleta bei yake. Akaitazama, akatoa mluzi mdogo, kisha akaigeuza ili kaka yake aione bei.

"Kweli kuna kazi na kazi," Faustine alisema huku akicheka. "Ukifanya kazi mahali kama hapo, huna hata haja ya kupita kaunta."

Kicheko kilifika nusu ya meza kikafa. Véronique alisitisha kijiko hewani.

"Anasema nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Anatania, Mama," Siméon alimjibu taratibu.

Lakini Mzee Elirehema hakuwa anatania. Alivua miwani, akaikunja. "Kijana wangu," alisema, "nitakuuliza mara moja, na sitakasirika. Mtu anaweza kutaka kumfurahisha mzee akapitiliza. Chupa hii umeipata wapi?"

Siméon aliitazama chupa, safari hii akaitazama kweli. Kisha akamtazama Ndeshi. Hakumlaumu kwa macho yale. Alikuwa anauliza, kama anavyouliza akiwa kwenye usukani na hajui akate kulia au kushoto: niende wapi?

Ndeshi hakumwonyesha njia.

"Hii chupa siijui, Papa," Siméon alisema mwishowe. "Haiko mimi niliileta."

"Si wewe."

"Hapana."

Mzee akamgeukia binti yake. "Ndeshi. Wewe ndiye uliyesema ni yake."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Yalikuwa machache, na yangetosha. Lakini aliiona simu ya Faustine bado inawaka mezani, akamwona mama yake amekunja uso, akafikiria jinsi atakavyoonekana, yeye binti msomi, akiwa amekwangua bei chumbani kama mwizi wa dukani. Akafungua mdomo.

"Labda... labda walichanganya dukani," alisema. "Labda amesahau ni ipi."

Alijisikia akiyasema. Hata yeye hakuitambua sauti yake.

Siméon aliinamisha macho. Kidole chake kikasukuma punje moja ya wali ukingoni mwa sahani. Alipoyainua, hakumtazama Ndeshi tena.

"Pengine nimesahau, Papa," alisema. "Munisamehe."

Hapakuwa na mtu pale mezani aliyemwamini. Ndivyo alivyokuwa amechagua.

Akaikunja leso yake, akainuka. "Mama Pelagia, asante kwa chakula. Tuko na njia ndefu."

Véronique naye aliinuka, akajifunga kitenge upya. Hakupandisha sauti. "Mi nitasema kidogo tu," alisema akimwelekea Mzee. "Huyu mutoto, kambini, tulilala siku mbili bila kula, na ghala ya unga iko palepale, mlinzi analala. Hakuiba. Ataiba leo, amevaa kravati?" Akaigusa tai ya kijana.

* * *

Ndeshi aliwakuta nje, kwenye barabara pana ya mtaa ambako kila nyumba ilikuwa na magari ya wageni. Véronique alikuwa ameshaingia garini na kugeuzia uso upande wa pili. Siméon alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Ya kwangu iko wapi?" aliuliza.

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye kikapu cha nguo chafu."

Siméon alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali. Akamshika mkono. Kwa nukta moja Ndeshi alidhani amemsamehe. Kumbe alikuwa amehisi kitu. Aligeuza dole gumba lake, akaona gundi nyeupe iliyokauka chini ya ukucha.

"Ulikuwa unakwangua bei."

"Nilitaka wakuheshimu, Siméon."

"Waheshimu nani? Ule mwenye chupa ya jumba? Ule si mimi. Hata mi simjui. Angekuja leo, ningempa mkono na kumwuliza jina."

"Ile ya maua inauzwa mlangoni. Baba mdogo angecheka."

"Wacha acheke. Si nilimwambia shikamoo akacheka? Nilikufa?" Alitabasamu kidogo, na tabasamu likamwisha. "Unajua juu ya nini nilichagua ile?"

"Nilidhani mligawiwa kazini."

"Ndiyo, tuligawiwa. Kila mwaka mwezi huu zinakuja kwa ndege, zinashukia uwanja wa DFW, na sisi tunapakua mpaka mgongo unasema wacha. Haiuzwi mbele ya Alhamisi ya tatu ya Novemba, popote duniani. Ndio siku tunapewa moja moja. Wengine walikunywa palepale kwa parking. Mi niliweka."

Alinyoosha mgongo. Akakaza tai. Na alipoanza kusema, Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, kikawa cha Kitanzania, kimenyooshwa kama shati lililopigwa pasi.

"'Mzee, nimesikia kwamba kwenu kijana anapokuja kujitambulisha huja na mbege. Mbege sikuipata hapa Texas. Nimetafuta kinywaji kinachofanana nayo. Huu ni mvinyo wa vilima vya Beaujolais, kule Ufaransa, kaskazini ya mji wa Lyon. Zabibu zake zimechumwa kwa mkono mwaka huu huu, vichala vizima. Ni mwepesi. Haufungiwi ukazeeka. Hunywewa ungali mpya, watu wakiwa pamoja, na mwakani unatengenezwa mwingine. Ndiyo maana nimeuleta kwako.'" Akashusha mabega. "Voilà. Nilijifunza njia mzima, tangu Irving. Mama Véronique alikuwa ananisahihisha, na ye Kiswahili yake ni kama yangu."

Ndeshi alijiziba mdomo. Habari za mbege, pombe ya ndizi ya kwao, alikuwa amempa yeye mwenyewe, mwezi uliopita, wakila samaki kwenye meza ndogo ya Siméon. Alikuwa amesimulia tu kumchekesha: ndizi zinavyochemshwa, ulezi unavyotiwa, na jinsi kinywaji chenyewe kisivyongoja mtu, siku chache tu kimeshachachuka. Hakujua kama alikuwa anasikilizwa kiasi hicho.

"Kwa nini hukusema mezani?" aliuliza huku machozi yakimshuka. "Kwa nini ukakubali kuitwa mwizi?"

"Niseme nini? Niseme mzee, binti yako ananionea haya? Mbele ya baba yako na mama yako?" Alitikisa kichwa. "Nilikungoja useme wewe. Nilikungoja sana, Ndeshi."

"Nisamehe."

"Sikia. Nakupenda. Hiyo haijaisha, haiwezi kuisha kwa siku moja. Lakini mi nimekaa miaka mingi kwa nchi za watu, nikiwa mtu wa kuvumiliwa. Siwezi kuoa na kuwa hivyo tena ndani ya nyumba yangu."

Alimwachia mkono, si kwa hasira. Akaingia garini. Ndeshi alisimama pale mpaka taa nyekundu zilipokata kona, na hata baada ya hapo akaendelea kusimama, kwa sababu kurudi ndani kulikuwa kugumu kuliko kusimama.

* * *

Chakula kilikuwa kimepoa na hakuna aliyekiondoa. Bordeaux ilikuwa palepale, haijafunguliwa. Ndeshi hakuketi.

"Baba, ile chupa niliinunua mimi," alisema. "Aliniletea nyingine, nikaificha. Niliona ni ya bei rahisi. Yeye hakujua chochote mpaka alipoketi hapa."

Faustine aliichukua simu yake, akaitia mfukoni.

"Mimi nilikuwa natania tu," alisema.

"Ulikuwa unatania," Mzee Elirehema alikubali. "Mimi ndiye niliyeuliza." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nimemwita mgeni mwizi akiwa na chakula changu mdomoni. Na akaniomba msamaha." Akaisukuma Bordeaux pembeni. "Iko wapi hiyo nyingine?"

Ndeshi aliileta. Ilikuwa na uzi wa taulo umenasa shingoni. Aliutoa, akampa baba yake kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani. Akayatazama yale maua kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama lile jumba.

"Ni ya mwaka huu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Alisema hapa hakuna mbege, na huu ndio unaofanana nayo. Haukai. Alikuwa amejifunza kukueleza hivyo, kwa Kiswahili chetu. Amenieleza mimi pale barabarani."

Mzee aliiweka chupa mezani taratibu. Pelagia aliona mabega ya mumewe yameshuka, akasogeza kiti karibu naye.

"Unakumbuka mbege niliyoleta kwenu?" Mzee alimwuliza.

"Nitaisahauje."

"Mvua ilitukwamisha njiani siku mbili," Mzee aliwaambia wengine. "Mama yangu alikuwa ameipika kwa moyo wote. Tulipofika nilijua imeharibika, nikasikia harufu yake nikiwa bado nimeibeba. Baba mkwe akainywa. Akanywa yote, akasema asante."

"Ilikuwa chachu kweli," Pelagia alisema.

"Hujawahi kuniambia."

"Baba alitukataza tusiseme. Kaka zangu walitoka nje kucheka."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Na mimi nimemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Basi tuifungue, kaka," Faustine alisema, akitafuta pa kujishika. "Tuionje."

"Mwenyewe hayupo. Tutaionjaje?" Mzee alisimama. "Kesho ninakwenda Irving."

"Baba Ndeshi," Pelagia alisema, "baba wa binti hatangulii kwenda kwa kijana. Halijawahi kutokea. Watatuelewaje?"

"Siendi kama baba wa binti. Nakwenda kama mtu aliyekosa." Kisha akamtazama Ndeshi, bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nitasema la kwangu. La kwako utalisema mwenyewe. Nikilisema mimi, utakuwa umelificha tena."

* * *

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Katy Ndeshi alipompigia Siméon simu. Iliita mara nyingi, kisha ikapokewa, na nyuma yake akasikia mvumo wa barabara kuu.

"Ni mi, Véronique. Ye anaendesha."

"Shikamoo, Mama. Naomba umwambie..."

"Apana, binti. Maneno ya hivyo haitumwi kwa mdomo ya mtu." Hakuwa na hasira sautini, alikuwa amechoka. "Mi sikukuchukia. Lakini leo nimeona mutoto wangu ameinama. Sikupenda."

"Kesho tunakuja, Mama. Mimi na wazazi. Kama mtatupokea."

Ndeshi alisikia Véronique akisema kitu mbali na simu, na sauti nzito ya Siméon ikijibu neno moja ambalo hakulishika. Alingoja, simu imebanwa sikioni.

"Nyumba ni ya Mungu," Véronique alisema mwishowe. "Mukuje. Kama ye atakaa chumbani, atakaa. Mi sitamuvuta."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru bado."

Alipoingia jikoni alimkuta mama yake ameshusha ndizi mbichi kutoka kwenye boksi, ameweka sufuria kubwa yenye maji na kisahani cha mafuta.

"Hatuendi mikono mitupu," Pelagia alisema. "Paka mafuta mikononi, utomvu usikushike. Nataka tukawapikie kwao, jikoni kwa yule mama, kama atanikubalia. Na ukimenya, sema."

"Niseme nini?"

"Unachokwenda kumwambia. Nataka nikisikie kwanza."

Ndeshi alichukua kisu. Alimenya ndizi ya kwanza, akaidondosha majini. "Siméon, nisamehe," alianza. "Nilibadilisha chupa yako, lakini nilitaka tu wazazi wangu..."

"Anza tena."

"Kuna nini?"

"Kuna 'lakini' ndani yake."

Alimenya ya pili. "Siméon, nisamehe kwa yaliyotokea. Nilifanya vile kwa sababu nakupenda na niliogopa..."

"Hiyo 'kwa sababu' ni 'lakini' iliyovaa gauni," Pelagia alisema bila kuinua macho. "Anza tena."

"Mama, unanitesa."

"Ninakutesa leo ili kesho usimtese yeye. Na usifikiri nakusema wewe peke yako. Nani aliyekuuliza wiki mbili nzima, Mkongo, Mkongo? Mimi la kwangu nimeshalitafuta. Nitamwambia yule mama." Kisu chake kilikwenda upesi, maganda yakirundikana. "Haya."

Ndeshi aliishika ndizi ya tatu bila kuimenya. Aliyafikiria maua yale ya lebo, na wakati uleule akajua hayakuhusika. Hata ingekuwa chupa ya dhahabu, angetafuta kasoro nyingine: tai, Kiswahili, forklift. Lililokuwa limefichwa kwenye kikapu halikuwa chupa. Alilijua tangu Jumanne, na bado alilizunguka kwa maneno, mchana kutwa, hata alipokuwa analia barabarani.

"Siméon," alisema. "Nilikuonea haya."

Akangoja sehemu nyingine ije. Haikuja. Machozi yakadondoka kwenye mafuta ya kisahani. Aliyafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

Pelagia aliweka kisu chake chini. Hakumkumbatia, hakuwa mama wa kukumbatia. Alimchukulia ndizi mkononi, akairudisha kwenye boksi pamoja na zile ambazo hazijamenywa, akaongeza maji kwenye sufuria mpaka yakazifunika zilizomenywa zisigeuke rangi.

"Hapo ndipo linapoanzia," alisema. "Nenda kalale. Zilizobaki tutamenya asubuhi, kabla ya kuondoka."